Hoteli inayouza urithi imtaje fundi wake

Mchanga mweupe na maji ya kijani vipo Maldives, vipo Mauritius, vipo Ushelisheli. Mgeni mwenye fedha za kwenda popote duniani haji Unguja kwa ajili ya bahari peke yake, na wenye hoteli za kifahari wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana hoteli za nyota tano za mwambao wetu, kuanzia Mji Mkongwe hadi Lamu, zinajinadi kwa urithi: mlango wa nakshi pale mapokezi, madaka ya chokaa nyuma ya kitanda, mkeka wa rangi ukutani, taa za shaba, kitanda cha samadari, vitambaa vya kanga kwenye mito. Kabla hoteli haijafunguliwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kuchagua vitu hivyo, kimoja baada ya kingine, na kuvipanga ili vimweleze mgeni amefika wapi. Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa, na sisi wenyeji tumeiacha ifanyike bila kuihoji. Hoja yangu ni kwamba hoteli inayopandisha bei yake kwa jina la urithi wetu inawajibika kuagiza sanaa yake kwa mafundi na wasanii walio hai wa mahali hapo, kwa mkataba, kwa malipo ya haki na kwa majina yao. Isipofanya hivyo, itakuwa inauza sura ya urithi huku wanaoubeba urithi wenyewe wakibaki nje ya lango.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.9. Wengi wa wageni hao hukaa siku chache, na sehemu kubwa ya siku hizo huzimaliza ndani ya uzio wa hoteli. Hata nje ya uzio huo cha kuona kimepungua: Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni wetu, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Kwa mgeni huyo wa siku chache, ukumbi wa mapokezi, korido na chumba cha kulala ndiyo makumbusho pekee atakayoyaona, na kinachotundikwa humo ndicho atakachoondoka nacho kama ujuzi wake kuhusu Waswahili. Kuta za nje tunazilinda kwa sauti kubwa. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu mwaka uliofuata, na jengo la Mambo Msiige pale Shangani lilipogeuzwa hoteli, mjadala wake ulifika mpaka kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Lakini ukishavuka kizingiti na kuingia ndani, hakuna anayeuliza kilichotundikwa kimetoka wapi, kimefanywa na nani na amelipwa nini.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama jinsi sanaa inavyonunuliwa kwa ajili ya hoteli kubwa. Michoro ya jengo huandaliwa miaka kadhaa kabla. Samani, mapazia, taa na picha huwekwa katika fungu moja la bajeti, na picha huangukia mwisho wa orodha, wakati fedha zimeshapungua na tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa. Mbunifu wa ndani, mara nyingi akiwa katika mji wa mbali, hutuma maelekezo: vyumba kadhaa, picha mbili kila chumba, rangi zilandane na zulia, mada iwe mwambao. Muuzaji wa jumla anaweza kulitimiza agizo hilo kwa muda mfupi sana. Dafen, kitongoji cha Shenzhen huko China, kimejulikana kwa biashara hiyo tangu mfanyabiashara Huang Jiang alipopeleka wachoraji wake pale mwaka 1989. Maelfu ya watu wamekuwa wakinakili michoro ya rangi za mafuta kwa oda, na hoteli ni miongoni mwa wateja wao. Wachoraji wa Dafen ni watu wa kazi na wanastahili heshima. Lawama ni ya mnunuzi anayechukua picha ya jahazi kutoka kwa mtu asiyewahi kuliona jahazi, akaitundika Nungwi, ambako mafundi bado wanaunda vyombo ufukweni, kisha akamwambia mgeni kwamba hoteli yake imebeba roho ya pwani.

Sheria zetu zenyewe zinausukuma ununuzi huo kuelekea nje. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linaorodhesha bidhaa zinazosamehewa ushuru wa forodha. Humo vimo vifaa vinavyoingizwa na hoteli yenye leseni kwa matumizi yake, mradi viwe vimechapwa au kutiwa nembo ya hoteli: mashine za kufulia, vyombo vya jikoni, majokofu, na pia mazulia, samani na mapazia. Nia yake inaeleweka. Nchi inataka hoteli zijengwe, na sharti la nembo linazuia bidhaa iliyosamehewa isiishie madukani. Kwa jokofu sina ubishi, maana hatutengenezi majokofu ya kutosha. Kwa kiti na zulia hali ni tofauti. Kiti kilichotengenezwa ng'ambo kinaweza kuingia bila ushuru kwa kuwa kina nembo, wakati seremala wa hapa ananunua vanishi, gundi, msasa na patasi kutoka dukani kwa bei ambayo kwa kawaida imeshabeba ushuru. Tunamwambia mwekezaji kwa maneno kwamba tunaupenda utamaduni wetu, kisha kwa forodha tunampunguzia gharama ya kuukwepa.

Ili kuelewa kinachopotea, inafaa kuutazama mlango mmoja kwa karibu. Mlango wa Unguja una pande mbili zinazokutana katikati, na pale zinapokutana husimama mfaa, mti mrefu uliopigiliwa kwenye upande mmoja ili kuufunika mwanya. Kulia na kushoto kuna miimo, juu kuna kizingiti. Chini kabisa ya mwimo fundi huweka samaki au mawimbi, na kutoka hapo mmea huanza kupanda, shina, jani, ua, mpaka unafika kwenye kizingiti. Ukingoni kabisa mnyororo unauzunguka mlango mzima. Fundi huchora ua kwa penseli au kiolezo, kisha hupunguza mbao kwa patasi, kidogo kidogo, mpaka ua linabaki limeinuka na ardhi yake imezama. Anajua nyuzi za mvule zinaelekea wapi na zitapasuka wapi. Anajua mlango wa uchochoroni hauchongwi kwa kina sawa na mlango unaotazama uwanja, kwa sababu jua haliipigi sawasawa. Ujuzi wa namna hii hukaa mikononi mwa watu, na hurithishwa kwa kufanya kazi pamoja miaka mingi. Fundi akikosa kazi, kijana wake anakwenda kuendesha bodaboda, na baada ya kizazi kimoja kinachobaki ni picha ya mlango.

Ni hivyohivyo kwa mkeka. Mwanamke wa Pemba au wa Makunduchi huchana miyaa ya mkindu, akaitia rangi kwa kuichemsha, akasuka ukili mwembamba wenye urefu wa mita nyingi, kisha akaushona ukingo kwa ukingo mpaka mkeka ukakamilika. Ua la mkeka limo katika hesabu ya miyaa ya rangi anayoanza nayo. Akikosea hesabu pale mwanzo, ua linapotea njiani na hakuna pa kurekebisha. Mkeka huu unauzwa sokoni kwa bei ndogo kwa sababu mnunuzi wake wa kawaida ni jirani. Ukitundikwa katika ukumbi wa hoteli ukiwa na mwanga wake maalumu, unafanya kazi ileile inayofanywa na mchoro mkubwa wa rangi za mafuta: unajaza ukuta na kumsimamisha mtu. Sioni sababu aliyeusuka alipwe bei ya sokoni kwa kitu kinachotumika kama kazi ya sanaa.

Zipo hoteli zinazodhani zimeutatua mtihani huu kwa kununua vya kale: mlango uliong'olewa kwenye nyumba iliyoanguka, kiti cha enzi kilichonunuliwa kwa familia yenye shida, kasha la mbao lenye njumu. Nakiri kwamba vitu hivi ni vizuri, na pengine vingeharibika kwa mvua na mchwa visingenunuliwa. Lakini soko la vya kale lina njaa yake. Kila mlango unapopata bei kubwa kuliko nyumba inayoushikilia, mwenye nyumba anashawishika kuung'oa, na mtaa unabaki na mwanya uliozibwa kwa bati. Watunga sheria waliliona hilo zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, inataja bayana kati ya vitu vinavyolindwa mlango au fremu ya mlango wa mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Hekima ya kipengele hicho ni kwamba cha kale kinapaswa kubaki mahali pake. Na anayetaka mlango mzuri kwa jengo jipya ana njia iliyo wazi: aagize mpya. Mlango mpya uliochongwa na fundi wa leo unaulisha ufundi. Mlango wa zamani uliohamishwa unaipunguza akiba tu.

Sasa nije kwenye jina, kwa sababu hapo ndipo hoteli nyingi zinapojikwaa hata zinapokuwa na nia njema. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na kazi zake zikauzwa Oysterbay kwa wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa. Alichora kwa takriban miaka minne. Lakini kwa kuwa jina lake lilikwenda pamoja na kazi, mtindo ulipata ukoo: ndugu na wanafunzi waliuendeleza, chama cha ushirika kikaundwa mwaka 1990, na leo mtu wa Tokyo au Copenhagen anayependa sanaa anaweza kulitamka jina la kijana aliyetoka kusini mwa Tanzania. Linganisha na wachongaji wa milango. Milango yao imepigwa picha mara zisizohesabika, imechapishwa kwenye vitabu, kadi na fulana, lakini mwulize mpenzi yeyote wa Mji Mkongwe akutajie mchongaji mmoja tu wa karne iliyopita, uone kama atapata jibu. Jina ndilo linalomwezesha fundi kupandisha bei, kupata oda ya pili, na kumwachia mwanawe kitu kinachoitwa karakana yetu.

Kumtaja msanii ni haki yake kisheria pia. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na mkataba huo unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake hata baada ya kuiuza. Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA; Zanzibar kuna sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi ya COSOZA. Maana yake ni kwamba hoteli inayonunua mchoro mmoja kwa mchoraji, ikaupiga picha na kuuchapisha kwenye vyumba vyote, menyu na mifuko ya zawadi, imenunua kitambaa na rangi tu. Haki ya kunakili inabaki kwa mchoraji mpaka aiuze kwa maandishi. Kenya imekwenda hatua moja mbele kwa sheria yake ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni za jamii, ili hata ua lisilo na mtunzi mmoja lisichukuliwe bila ridhaa ya jamii yenye ua hilo. Wala jambo hili si geni kwa utamaduni wetu. Kanga, kitambaa cha kila mama, imekuwa na alama ya mwenye mali pembeni mwa msemo wake: nani asiyeijua ile ya Mombasa ya Kaderdina Hajee Essak, "Mali ya Abdulla"? Ikiwa kitambaa cha kufungia mtoto mgongoni kinaeleza kimetoka kwa nani, ukumbi wa nyota tano hauna udhuru.

Mfano wa hoteli iliyofaidika kwa kuwaamini wasanii wa mji wake upo ng'ambo ya bahari hiihii. Taj Mahal Palace ya Mumbai ilifunguliwa mwaka 1903, na katika miaka ya 1960 na 1970 ilinunua kazi za wachoraji wa India wa zama zile, wakiwemo M. F. Husain na V. S. Gaitonde, wakati bei zao bado zilikuwa za kawaida. Leo mkusanyiko huo ni sehemu ya sifa ya hoteli. Shambulio la Novemba 2008 lilipoijeruhi, michoro ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyofanyiwa ukarabati wa kitaalamu, kwa sababu wenye hoteli walijua walichonacho. Mwaka 2013 Christie's ilifanya mnada wake wa kwanza nchini India ndani ya hoteli hiyohiyo, na mchoro mmoja wa Gaitonde ukauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Sisemi kwamba kila mchoro utakaonunuliwa Unguja utafika huko. Ninachosema ni kwamba picha ya jumla iliyochapishwa kiwandani inaanza kupoteza thamani siku inapotundikwa, na hoteli huitupa inapokarabatiwa baada ya miaka michache. Kazi yenye jina na kumbukumbu inabaki kuwa mali, na mara nyingine inakua.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko mengine, ni la uwezo. Wasimamizi wa miradi husema mafundi wetu hawawezi kutoa vipande mia mbili vyenye ubora ulio sawa kwa tarehe iliyopangwa, na mbao zao hukunjika kwenye chumba chenye kiyoyozi. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake. Lakini tazama chanzo. Fundi anayepewa oda miezi mitatu kabla ya ufunguzi, bila malipo ya awali, analazimika kununua mbao mbichi kwa sababu hana fedha za kununua na kungoja zikauke. Fundi huyohuyo akiitwa wakati msingi unachimbwa, akalipwa arbuni, anapata muda wa kukausha mbao, kuwaleta mafundi wenzake na kutoa kipande cha mfano kikaguliwe. Saruji inaagizwa mapema. Kwa nini nakshi isubiri dakika ya mwisho? Uhitaji wa kufanana nao unafaa kuangaliwa upya. Mgeni aliyefuata kazi ya mkono hategemei vyumba viwili vifanane kama sahani za seti moja. Zaidi ya hayo, oda ya mapema inampa mnunuzi nafasi ya kuuliza mbao zimekatwa wapi. Mpingo unaochongwa na Wamakonde huchukua miongo mingi kukomaa, na vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi bora kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe vimeonyesha kwamba mpingo halali unapatikana kwa anayeutafuta.

Pingamizi la pili ni la gharama na uhuru wa mwekezaji: fedha ni zake, ukuta ni wake, atundike apendacho. Kwa hoteli isiyodai lolote kuhusu urithi, nakubali kabisa. Anayejenga hoteli ya kisasa na kuitangaza hivyo hana deni kwa mchonga milango. Deni linaanza pale jina la Waswahili linapokuwa sehemu ya bei. Isitoshe, mwekezaji hafanyi kazi peke yake: amepewa ardhi kwa mkataba wa muda mrefu, misamaha ya kodi na ufukwe ambao wavuvi waliutumia kabla yake. Anayepewa kwa masharti anaweza kuongezewa sharti. Ufaransa tangu mwaka 1951 imekuwa na utaratibu wa kutenga asilimia moja ya gharama za ujenzi wa majengo ya umma kwa ajili ya sanaa, ukianzia kwenye majengo ya elimu na kupanuliwa baadaye. Sisi tunaweza kuanza na wanaoomba msamaha: hoteli inayotaka kuingiza samani na mazulia bila ushuru ionyeshe kwanza sehemu ya samani na sanaa yake iliyoagizwa kwa mafundi wa ndani. Katika gharama za hoteli ya kifahari, fungu hilo ni dogo. Kwa karakana ya mtaani, ni mishahara ya mwaka.

Pingamizi la tatu linahitaji fikra zaidi. Wapo wanaosema utamaduni wa mwambao ni mchanganyiko tangu asili, kwa hiyo hakuna wa kudai kuwa mwenyewe. Na kwamba jadi yetu yenyewe haikuwataja mafundi, bali wenye mali. Yote mawili yana ushahidi. Milango ya awali ya Unguja ilikuwa na kizingiti cha mstari ulionyooka. Ile ya tao ilishamiri kuelekea mwisho wa karne ya 19 kwa ushawishi wa India. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yanamtaja aliyeamuru ujenzi, na mchongaji hatumjui. Lakini mchanganyiko huo ulifanywa na watu waliokuwa pale, waliokaa mtaa mmoja, wakaoana, wakaibiana mbinu na kuboresha. Fundi wa Kihindi na wa Kiswahili walilipwa na mwenye nyumba aliyewajua kwa sura na kupita barazani kwao kila siku. Jina halikuhitaji kuandikwa kwa kuwa mji mzima ulilijua. Hoteli ya leo inauza kwa wageni wasiomjua yeyote, kwa hiyo uandishi umechukua nafasi ya ujirani. Na kwa hoja hiyohiyo ya mchanganyiko, fundi wa mahali hapo ni yeyote anayeishi na kufanya kazi hapo, awe Mmakonde, Mhindi, Mpemba au mgeni aliyehamia na kujifunza ufundi chini ya fundi wa hapa.

Wasanii wenyewe wana wasiwasi mwingine, nao ni wa haki: kwamba oda za hoteli zitawafunga kurudia simba, Wamasai na machweo mpaka mkono ukafa ganzi. Hatari hiyo ipo, na jibu lake ni kuagiza kwa ujasiri zaidi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alishinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, na katika michoro yake kanga imekuwa chimbuko la fikra nzito kuhusu historia, biashara na wanawake. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice. Urithi unaweza kuzungumza kwa lugha ya leo, na wasanii wa kuuzungumza wapo. Anayechagua kazi kwa ajili ya hoteli awape mada na ukuta, kisha awaachie jibu. Mchoro unaohusu bei ya karafuu, au ujenzi unaoumeza ufukwe, unaweza kumgusa mgeni kuliko twiga wa kumi na tatu. Wageni wa kiwango hiki wamesafiri, wameona makumbusho mengi, na wanaitambua kazi iliyofanywa kwa dhati.

Yanayotakiwa kufanywa hayana miujiza. Hoteli imwajiri anayechagua sanaa tangu hatua ya michoro, na awe mtu aliyekaa hapa, anayejua karakana za Mji Mkongwe, za Mwenge jijini Dar es Salaam na za Pemba na anayeongea Kiswahili na fundi bila mkalimani. Kila oda iwe na mkataba unaotaja malipo ya awali, tarehe, haki ya kunakili na nani atakarabati kazi ikiharibika. Kila kazi iwe na kibao chenye jina la aliyeifanya, mahali na mwaka, kwa Kiswahili kwanza. Hoteli itunze daftari la kazi zote, na siku kadhaa kwa mwaka ifungue milango kwa wanafunzi wa shule za jirani, ili mtoto wa Paje au Shela aone kazi ya mjomba wake ikiwa imepewa heshima. Mamlaka ya uwekezaji na Kamisheni ya Utalii Zanzibar ziweke vigezo hivi katika masharti ya leseni na madaraja ya hoteli. COSOTA na COSOZA ziende karakana kwa karakana kuwaeleza mafundi haki zao, maana wengi hawajawahi kusaini karatasi yoyote. Na mafundi nao wakubali kubanwa: kutimiza tarehe, kutouza nakala ya kazi ya mwenzao, kusaini kazi zao.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Utalii umeufanya mwambao wote kuwa uwanja wa kuchezea, na mapato ya mchezo ni makubwa kuliko yalivyopata kuwa. Kinachobishaniwa ni nani atunzwe. Kwa sasa anatunzwa aliyejenga ukuta, na aliyeupa ukuta huo maana hana hata jina. Hali hiyo inaweza kubadilishwa kwa vifungu vichache vya sheria, mikataba ya ukurasa mmoja na uamuzi wa wamiliki wachache wa kuagiza mapema. Mwekezaji anayeona masharti hayo ni mazito ana njia rahisi: aondoe neno urithi kwenye matangazo yake, auze bahari, na bei yake ifuate.